Tumbo Halijui Sababu

Nyumbani, 6 Machi

Kwako Bwana Sponji,

Sijaandika barua tangu nilipoacha shule, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Ulisema unakwenda kwa dada yako kupumzika wiki mbili, upate hewa, urudi. Sasa hata mto wako umesahau kichwa chako. Nikipiga simu inaita mpaka inachoka. Nikituma ujumbe unajibu kesho yake, maneno mawili: "Niko salama." Hilo ni jibu la kumpa askari wa barabarani, si mke.

Daktari alisema mbele yetu sote: uvimbe umekwisha, damu ni safi, nendeni mkaishi. Nililia mpaka nesi akaniletea kiti. Wewe hukulia. Ulitazama dirishani, nikadhani ni uchovu.

Miezi yote ile ya dripu nilikaa pembeni yako, beseni mapajani, mkono wangu kwenye paji la uso wako, nikisema "pole, itapita" mpaka wagonjwa wengine wakaniita Mama Itapita. Haya, imepita. Mbona hurudi?

Saluni inakwenda. Yule mteja mwenye makochi ya njano anaulizia kazi yake kila siku; nimemwambia fundi bado anajikusanya. Anasema wewe si nguo zilizoanikwa, kujikusanya gani huko kusikoisha.

Mkeo,
Bibi Chanuo

&nbsp;

Kwa dada, 15 Machi

Bibi Chanuo wangu,

Barua yako nimeisomea uani, kwenye upepo. Nimeisoma yote.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi, ndiyo maana. Halafu nimepata kazi: kuna hoteli hapa wanataka viti vyote vya ukumbini vibadilishwe vitambaa. Nimeona riziki isipigwe teke, hasa baada ya mwaka mzima wa kulala kitandani. Nguvu zinarudi. Jana nimekata sponji bila kupumzika.

Usihangaike kuja. Nyumba ya dada ni ndogo, mimi mwenyewe nalala kichwa sebuleni, miguu jikoni. Nikimaliza nitarudi.

Nakupenda. Lishike hilo hata nikikuandikia upuuzi mwingine wowote.

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 27 Machi

Fundi,

Leo sikuiti Bwana Sponji.

Ile simu iliyokufa kwenye gundi jana imefufuka. Nilipiga kwa simu ya mteja. Ukasema "Haloo," sauti nzima kama ya siku uliyonitongoza. Nikasema, "Ni mimi." Nikakusikia unahema, kitu kikaanguka, simu ikakatika. Nikampigia dada yako, akasema uko bafuni. Nikapiga tena, bafuni. Mara ya tatu, bafuni. Umekuwa samaki?

Kama kuna mwanamke, niambie. Nimeuona mwili wako ukiisha mpaka nikawa nakubeba peke yangu kukupeleka msalani. Sijui ni aibu gani imebaki kati yetu. Au ndiyo hiyo? Watu husema mtu humchukia aliyemwona katika udhaifu wake. Nilikuwa siamini.

Nakuja Jumamosi. Usiniandalie kitu.

Mkeo bado

&nbsp;

3 Aprili

Wifi yangu,

Ulipoondoka nilikukimbilia mpaka kituoni, mwiko mkononi, nikakuta basi limetoka. Watu walidhani nafukuza mwizi.

Najua ulichokiona. Umefika mlangoni, umevaa ukapendeza. Mdogo wangu ameinuka, amekunyooshea mikono yote miwili, na kabla hajakufikia akatapika miguuni pako. Kisha akatoka mlango wa uani mbio. Ukaniambia, "Wifi, ananionea kinyaa," ukachukua mfuko wako.

Si kinyaa. Na mwanamke hakuna. Anashinda na misumari na gundi, nani atamtaka? Aliniapisha nisikuambie, nami naivunja ahadi hiyo mchana kweupe.

Alipofika hapa nilimwona hali chakula akipita jirani yangu mmoja anayepaka mafuta ya nywele kama yako. Akinukia tu, kijana anaweka kijiko chini. Nikambana. Aliposema, nikampeleka kwa mama mmoja wa saikolojia katika hospitali ya hapa. Yule mama hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi. "Unafuga kuku?" Nikasema ninao. "Ukitikisa kopo la punje wanafanyaje?" Wanakuja mbio. "Na kopo likiwa tupu?" Wanakuja vilevile.

"Basi," akasema, "tumbo la mdogo wako nalo limetikisiwa kopo. Kila ilipoingia dawa, kabla yake aliingia mke wake. Sauti yake, mkono wake, mafuta ya vidoleni mwake. Iliyomtapisha ni dawa. Lakini tumbo halijui sababu. Linajua tu nani hutangulia."

Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila wewe, wifi, hukuwa nyoka wala ung'ongo. Ulikuwa unafunga jeraha.

Nimekwisha kusema. Mwandikie. Barua haina sauti, anaiweza.

Wifi yako

&nbsp;

Kwa dada, 9 Aprili

Bibi Chanuo,

Dada ametoboa siri, na amenitangazia kwa fahari kwamba ametoboa. Sina tena pa kujificha.

Ilianza dripu ya tatu. Nilikuwa nimelala nangoja, sindano bado iko kwenye sinia, nikasikia kicheko chako koridoni unataniana na nesi. Tumbo likapinduka. Sindano ilikuwa haijanigusa, mke wangu. Nikasema ni woga tu. Baadaye ikawa ukifungua mlango. Mwishoni ulikuwa ukiniwekea mkono kwenye paji nasaga meno nisitapike, nawe unadhani ni dawa, unaongeza mkono wa pili.

Ningekuambiaje? Ningesema "usije," ungebaki nyumbani unajiuliza umekosa nini, nami ningebaki peke yangu na ile chupa inayodondoka. Nilikutaka pale. Nilikutaka, na tumbo lilikukataa, yote mawili saa ileile. Tulipotoka hospitali nilidhani yamekwisha. Hukumbuki nilivyokuwa nakwenda kula nje? Nilikuambia napenda upepo.

Yule mama wa saikolojia anasema mwili wangu hauna wazimu. Umejifunza somo vizuri kupita kiasi, tatizo somo lenyewe ni la uongo. Na kila ninapokimbia nikapata nafuu, tumbo linajipongeza kwamba limefanya vyema kukimbia, kesho linakimbia mapema zaidi. Dawa ni kukaa. Nikutane nawe kidogo kidogo, bila dripu, mpaka tumbo lichoke kungoja kitu kisichokuja.

"Halitasahau," akasema. "Litaandika somo jipya juu ya la zamani. La zamani linaweza kuchungulia siku moja. Likichungulia, msikimbie."

Basi nitumie kitu chako kidogo, kitambaa unachofutia mikono saluni, na sauti yako uirekodi, ndivyo anavyoagiza yule mama. Na unisamehe kwa Jumamosi ile. Ulikuwa umependeza. Niliona.

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 18 Aprili

Bwana Sponji,

Kitambaa hicho. Nimekifunga mifuko miwili kisije kikakurukia.

Nimekasirika, ujue. Ungeniambia ningekaa nje ya mlango. Ningemtuma hata adui yangu ashike lile beseni. Nilidhani nakubebea maumivu, kumbe najipaka hayohayo. Kila Alhamisi ya dripu nilikuwa naoga, navaa vizuri, nakuja kukufundisha kunichukia, kwa mikono yangu mwenyewe, taratibu, kwa mapenzi yote.

Wala usidhani umejifunza peke yako. Juzi namsuka mteja, akakohoa. Kabla sijajielewa nimeshamwinamisha kichwa, bakuli la kuoshea nywele liko chini ya kidevu chake, nasema, "Pole, itapita." Akaniambia, "Mama, nimepaliwa na mate tu, mbona unanizika?" Tukacheka. Kisha nikaenda chumba cha nyuma nikakaa sakafuni.

Nimerekodi sauti kama alivyoagiza huyo mama. Sikujua niseme nini kisichouma, kwa hiyo nimesoma bei za mitindo yote ya nywele, kuanzia ya watoto. Neno "pole" nimelitoa kinywani. Wateja wakijikwaa sasa nawaambia "haya."

Mkeo,
Bibi Chanuo

&nbsp;

Kwa dada, 30 Mei

Bibi Chanuo,

Kitambaa chako kimo mfukoni mwa shati ninavyoandika. Mwanzoni kilikuwa kwenye kamba ya nguo, mimi nikiwa dirishani, dada akinilinda kama askari jela. "Usitoke! Mtazame!" Kwani kitambaa kina macho? Kikasogea mlangoni. Kikasogea mezani. Bei zako nazijua zote kwa moyo. Dada amekasirika kwamba rasta zimepanda.

Lakini ile Jumapili ya kwanza ulipokuja bustanini! Wewe benchi la kule, mimi benchi la huku, unanipungia kama karani aliyefunga dirisha. Mate yalinijaa, jasho likanitoka mgongoni. Yule mama akawa ananisemesha habari za mvua. Nikakaa. Mate yakakauka yenyewe. Ukasogea benchi moja. Na Jumapili hii iliyopita ulipokaa ubavuni pangu ukaniuliza, "Unasikia nini?" nikasema, "Nasikia njaa." Sikuwa nafanya utani. Nilikuwa na njaa, mke wangu, na wewe upo pale.

Nakuja Ijumaa. Usipike sana.

Bwana Sponji

&nbsp;

Nyumbani, 21 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Nilitaka barua hii iwe ya furaha tupu, na ningeiandika wiki iliyopita ingekuwa.

Amekaa nyumbani wiki saba. Tumekula sahani moja. Amemaliza makochi ya njano na mteja amepata la kusema vilevile. Siku moja tu somo la zamani lilichungulia: nilivaa gauni la bluu, lile nililokuwa nikivaa kwenda hospitali, lilinitoka akilini. Akashika ukingo wa meza. Nikataka kutoka. Akasema, "Kaa. Alisema msikimbie." Nikakaa. Tukatazamana kama watu wawili wanaongoja mbwa mkali apite barabarani. Akapita. Mume wangu akacheka, akaniomba chumvi.

Sasa nisikilize, na ukae kwanza. Jana alikuwa anavuta kitambaa cha kochi, mikono juu, fulana ikapanda. Chini ya kwapa kuna uvimbe. Akanikuta nautazama. Akasema, "Najua." Alikuwa anajua siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilitaka tuendelee kula."

Kesho anakwenda kupimwa.

Wifi yako

&nbsp;

Kwa dada, 8 Agosti

Bibi Chanuo,

Nimeondoka ukiwa saluni kwa sababu ningekuona ningeshindwa. Majibu tuliyasikia pamoja: ugonjwa umerudi. Dripu zinaanza hapa Alhamisi. Usije.

Mara ile nilikosea kukuficha, kwa hiyo safari hii nasema wazi. Usije, kwa sababu nikitoka huko nataka awepo mtu mmoja duniani ambaye dawa haijamgusa. Andika. Barua zako nitazisoma siku zisizo za dripu, mbali na kile chumba.

Yule mama ana mbinu. Kabla ya dripu nitapewa peremende ya ladha ya ajabu ambayo sijawahi kuionja, ili tumbo likitafuta wa kumlaumu likutane nayo kwanza. Dada akauliza, "Na likitaka mtu?" Yule mama akairudisha peremende mezani. Dada akasema, "Basi litanikuta mimi. Nimechukiwa na watu wenye akili zao, tumbo moja litanifanya nini?" Tukacheka wote watatu. Nilipoacha kucheka nikamwangalia dada, naye alikuwa ameshaacha zamani.

Unajua ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa ananibeba mgongoni mpaka mlangoni mwa shule, ananishusha kabla wenzangu hawajaona.

Nilimwambia hapana. Akasema, "Nani amekuuliza?"

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 14 Agosti

Mume wangu,

Sitakuja. Naliandika tena ili mkono uzoee: sitakuja.

Siku za dripu nitafunga saluni. Sitaweza kushika kichwa cha mtu mwingine saa zile.

Bibi Chanuo

&nbsp;

2 Novemba

Wifi,

Njoo.

Dawa wameisimamisha. Daktari ameniita pembeni, amesema haifanyi kazi tena, kinachobaki ni kumpunguzia maumivu. Hakuna dripu ya kutapisha tena, kwa hiyo hakuna kitu cha kukuchafua. Njoo na mafuta yako na sauti yako yote.

Peremende ilisaidia kidogo. Ameichukia kama deni. Lakini tumbo halikutosheka nayo. Tangu mwezi uliopita nikiingia tu wodini anageuza uso, shingo inamkakamaa. Anajilazimisha kunisemesha, maskini, anasema, "Karibu, dada," huku mate yanamdondoka. Nimeacha kuingia. Chakula nampa nesi ampelekee. Nakaa koridoni, namsikia akikohoa, basi inatosha.

Nilimwambia yule mama wa saikolojia, "Si tuanze na mimi vile vitambaa na mabenchi?" Akasema ingewezekana, ila inataka muda.

Usinionee huruma. Nilijua nilichokubali. Njoo upesi.

Wifi yako

&nbsp;

Nyumbani, 29 Novemba

Wifi yangu,

Wageni wameondoka wote. Nyumba ina viti vingi kuliko watu.

Siku ya mazishi uliniuliza jambo, nikashindwa kukujibu mbele za watu. Nilisema nitaandika. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Kwanza nikuambie ambayo hukuyaona. Siku niliyofika, nilisimama kizingitini nikingoja tumbo lake liseme. Wewe ulikuwa nyuma yangu, umejiziba mdomo. Alinitazama muda mrefu. Akameza mate. Kisha akasema, "Bibi Chanuo, umenenepa." Muongo, nimekonda mpaka pete inazunguka. Nikakaa. Akauchukua mkono wangu mwenyewe, akauweka kwenye paji lake, akafumba macho, na hakusaga meno. Siku zote zile hakusaga meno. Nilisema "pole" tena, wifi. Nililisema mpaka nikashiba.

Hiyo ni kazi yako. Ulikaa mahali pangu ili mahali pangu pabaki safi. Sijui dunia ina asante gani ya kulingana na hilo.

Sasa lile ulilouliza.

Mchana ule wa mwisho aliamka, akili yake imetulia kabisa. Akasema, "Dada yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko koridoni."

"Mwambie aingie."

Nikamwambia, "Utaumia."

Akasema, "Nitatapika kwanza, halafu nitamwona."

Ndipo nikatoka kukuita. Ulikuwa kwenye benchi, umekaa wima, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Nilikuambia anakutaka. Ukainuka. Ukafika mpaka kwenye kitasa. Ukakishika. Kisha ukanigeukia, macho makavu, ukasema, "Hana nguvu za kutapika tena. Mwambie nimelala."

Nikakubishia, unakumbuka. Ukasema, "Mwambie nimelala, wifi, nakuomba."

Nikarudi. Na ninajuta, na sijuti, sijui. Ukaniuliza siku ile alijibu nini nilipomwambia hivyo, na kama aliamini.

Sijui kama aliamini. Aliuangalia mlango kitambo. Alitabasamu kidogo, upande mmoja, vile anavyotabasamu mteja akimdanganya. Akasema, "Basi asiamshwe. Nimemchosha sana dada yangu."

Hayo ndiyo aliyosema. Baada ya hapo hakusema kitu kingine.

Wifi yako